Ardhi Iliyo Chini ya Jabali

Kupanda majabali bila kamba ni mchezo wa kimo kifupi. Jabali lenyewe aghalabu halizidi mita nne au tano. Mpandaji hutegemea vidole, nyayo na mizani ya mwili wake, na akishindwa hakuna kinachomning'iniza: huja chini hadi ardhini. Anayehangaika na sehemu moja ngumu jioni nzima huanguka mara nyingi kuliko anavyofika juu. Kwa hiyo kuanguka katika mchezo huu hakuhesabiwi kuwa ajali. Ni tendo la kawaida, lina namna yake ya kufanywa vizuri, na lilipaswa kufundishwa kabla ya kupanda kwenyewe. Dodoma mambo yameenda kinyume. Kupanda mawe watu wanakujua tangu utoto. Kuanguka kila mtu anajifunza peke yake, kwa gharama ya mifupa yake.

Utoto huo wa kupanda unatokana na nchi yenyewe. Uwanda wa kati wa Tanzania umekaa juu ya graniti yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba huo ungali umefunikwa na udongo, yakauozesha pembeni na kuacha mabonge magumu katikati. Udongo ulipochukuliwa na mvua na upepo, mabonge hayo yakabaki juu ya nchi, mengine makubwa kama nyumba, yamebebana. Ndiyo yanayoonekana Kilima cha Simba, Mlimwa, vilima vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, na kuelekea magharibi hadi Singida, ambako mji wenyewe umejengwa katikati ya mawe kando ya maziwa Singidani na Kindai. Jioni vijana hupanda vilima hivyo kwa mazoezi, wanafunzi hupanda kupiga picha za machweo, watoto wachunga mbuzi hupanda kutazama mifugo. Karibu wote hupanda wakiwa na raba au ndala, na chini hakuna kilichoandaliwa.

Sehemu moja ya uwanda huu haifai kupandwa kabisa. Miamba ya Kolo na maeneo jirani wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imebeba michoro ya kale ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Jasho, mafuta ya vidole na msuguano wa viatu huifuta michoro hiyo bila kurudi, na hakuna ustadi wa upandaji unaoweza kuhalalisha hasara hiyo. Majabali matupu yapo tele kwa anayetaka kupanda.

Kinachoumiza katika anguko ni kusimama kwa ghafla. Mtu anayeanguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini akiwa na mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Kutoka mita 3 mwendo unakuwa karibu kilomita 28, na kutoka mita 4 unafika kilomita 32. Anguko la mita 3 huchukua chini ya sekunde moja. Muda huo hautoshi kufikiri, na mwili utafanya kile tu ulichozoeshwa. Mwendo wote huo lazima uishe, na swali ni uishe katika umbali gani. Mtu wa kilo 60 akitua kutoka mita 3 juu ya ardhi ngumu, magoti yamenyooka, mwili wake husimama ndani ya sentimita chache. Zikiwa 5, nguvu inayompitia ni ya wastani wa mara 60 ya uzito wake, yaani zaidi ya tani tatu na nusu kwenye visigino, magoti na pingili za mgongo. Akikunja magoti na kushuka nusu mita huku akisimama, nguvu hiyo hupungua hadi takriban mara saba. Kimo ni kilekile, mtu ni yuleyule, na hesabu hii inaeleza karibu kila ushauri unaofuata: kila kinachorefusha safari ya kusimama huokoa mfupa.

Ndiyo maana mpandaji mwenye busara hulitazama jabali baadaye na ardhi kwanza. Ardhi ya Dodoma ina tabia zake. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, nayo ni haba. Kuanzia Mei hadi Novemba udongo mwekundu hukauka na kushikamana hadi jembe likigonga linaruka. Udongo huo haubonyei hata kidogo, na ni hatari zaidi kuliko unavyoonekana kwa sababu juu una vumbi laini. Mahali pazuri pa kutua ni kando ya makorongo, pale jabali linaposimama ukingoni na chini yake pana mchanga mkavu wenye kina. Wapandaji wa Fontainebleau, msitu ulio kusini mwa Paris ambako mchezo huu una historia ya zaidi ya karne moja, walipanda vizazi kadhaa juu ya mchanga wa namna hiyo kabla magodoro maalumu ya kuangukia hayajaanza kuuzwa miaka ya 1990. Lakini mchanga uliolowa ukashindiliwa na mvua hauna tena wema ule, na baada ya gharika korongo huweza kuwa limeleta mawe na magogo yaliyofukiwa kidogo tu chini ya uso.

Kusafisha mahali pa kutua ni kazi ya dakika kumi inayodharauliwa kuliko zote. Mawe ya ukubwa wa ngumi huondolewa, kwa sababu hayo ndiyo yanayopindua kifundo cha mguu. Matawi ya mgunga na miiba mingine husogezwa mbali. Visiki hutafutwa kwa mkono ndani ya nyasi, maana kisiki kilichokatwa kwa panga kwa ajili ya kuni hubaki na ncha kali. Kisha mtu husimama chini ya jabali na kujiuliza mwili utaelekea wapi mkono wa kulia ukiteleza, na wapi mguu wa kushoto ukiteleza. Aghalabu majibu hayafanani. Nyuma ya majabali ya Dodoma mara nyingi lipo jabali jingine, umbali wa mita moja au mbili, na kichwa kinachorushwa nyuma hufikia huko. Iwapo anguko lolote linaloweza kutokea linaishia kwenye jiwe, au kwenye mteremko unaompeleka mtu kwenye genge la chini, sehemu hiyo iachwe. Hapa hakuna ustadi wa kutua utakaosaidia. Uamuzi mkubwa kuhusu anguko huchukuliwa mtu akiwa bado amesimama chini, na wengi huumia kwa kuwa hawakuuchukua kabisa.

Godoro husaidia likiwa la namna inayofaa. Magodoro ya wapandaji hujengwa kwa tabaka mbili au tatu: juu sponji ngumu, inayosambaza pigo ili kisigino kisizame mahali pamoja, na chini sponji laini inayobonyea polepole. Godoro la kulalia lina upole peke yake. Mtu akitua kwa miguu kutoka mita 3, mguu hulibonyeza mpaka mwisho na kugonga ardhi kana kwamba halikuwepo, au huzama pembeni na kifundo kikapinduka. Anayelazimika kulitumia afadhali ayapange mawili, lililo gumu na jipya likae juu, lililochoka chini, na yafungwe pamoja kwa kamba. Mwanya kati ya godoro na godoro ni mtego mbaya: mguu mmoja huingia humo na mwingine hubaki juu. Mianya izibwe, hata kwa turubai lililotandazwa na kuvutwa vizuri, na godoro lihamishwe kadiri mpandaji anavyosogea kulia au kushoto. Godoro pia lina udanganyifu wake, kwa kuwa humpa mtu ujasiri wa kupanda juu kuliko linavyoweza kumlinda.

Kutua kwenyewe kunaanza kabla ya vidole kuachia. Anayeona kuwa nguvu zinakwisha ana njia bora kuliko kuanguka, nayo ni kushuka kwa mikono na miguu hadi chini iwezekanavyo, kisha kuachia. Kila nusu mita aliyoshuka ni mwendo uliopungua. Akiwa hana budi kuachia, hutazama mahali atakapotua, husukuma kidogo ili mwili utoke kwenye uso wa jabali usije ukakwaruzwa au kidevu kikagonga ukingo, na hutoa pumzi. Pumzi iliyozuiliwa hukaza mwili mzima, na mwili uliokazwa huvunjika kwa urahisi.

Miguu yote miwili hugusa kwa pamoja, imeachana kwa upana wa mabega, magoti yakiwa yameanza kukunjwa. Mguu mmoja ukitangulia hubeba mzigo wa miwili. Magoti hukunjwa kwa mfululizo laini, bila kuyaachia yashuke hadi mwisho wa kuchuchumaa, kwa sababu pale chini kano za ndani ya goti hunyooshwa kupita kiasi na goti lenyewe huweza kugonga meno. Karibu na hapo mpandaji huacha kupigana na anguko: makalio hushuka nyuma, kisha mgongo hubingirika juu ya godoro au mchanga. Kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisigonge. Mikono imekunjwa mbele ya kifua. Yule anayetua akashikilia kubaki amesimama wima, kwa kuona fahari, hujinyima nusu ya umbali wa kusimama.

Mikono ndiyo migumu kuifundisha. Kila binadamu anayeanguka nyuma hutupa viganja chini ajizuie, na mwili mzima unakuja juu ya mkono ulionyooka. Hapo ndipo mfupa wa mkono unapovunjika juu kidogo ya kiganja, kiwiko kinapochomoka, au kimfupa kidogo cha upande wa dole gumba kinapopata ufa usioonekana mara moja kwenye picha na baadaye kukataa kuunga. Kuufuta mwelekeo huu wa maumbile kunahitaji kurudia. Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano nchini Japani mwaka 1882, huanza na jambo hilohilo: mwanafunzi hujifunza kuanguka majuma kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurushwa na mwenzake. Askari wa miavuli nao hufundishwa kuligawa pigo kwa kuanza na nyayo, kisha pembeni mwa muundi, paja, nyonga na upande wa mgongo. Mpandaji anaweza kujizoesha mwenyewe: kwanza kuchuchumaa na kubingirika nyuma juu ya mchanga, kisha kutoka kusimama, kisha kutoka juu ya jiwe la kimo cha goti, halafu la kiuno. Anayeanguka vizuri kutoka kiunoni mara kadhaa mfululizo bila mikono kutoroka ndiye aliye tayari kwenda juu zaidi.

Maanguko hayafanani, na yale mabaya yana dalili zake. Mguu na mkono wa upande mmoja ukiachia, mwili hugeuka kama mlango na kumtupa mtu kwa ubavu au kwa mgongo. Anayeuhisi mgeuko huo afadhali aachie upande wa pili mapema, angali na miguu chini yake. Kisigino kilichoning'inizwa juu ya ukingo, mbinu inayopendwa kwenye kilele cha majabali ya mviringo, humfanya mtu aanguke miguu ikiwa juu na kichwa chini. Mbinu hiyo haifai kutumiwa na mtu aliye peke yake. Kilele chenyewe ndicho mahali ambapo kimo ni kikubwa kuliko pote na vidole vimechoka kuliko wakati wowote, na katika graniti ya Dodoma vilele vingi ni vya duara, havina pa kushika, na vimefunikwa na chembechembe zinazoteleza. Kilele huzungukwa na kukaguliwa kwanza kwa njia rahisi ya nyuma, na hufagiliwa. Njia hiyo ya nyuma ndiyo njia ya kushukia pia. Asiyeijua kabla ya kupanda hujikuta juu ya jabali jua limezama, akitafuta mahali pa kurukia.

Mwenzi wa chini ana kazi mahususi ambayo wengi huielewa vibaya. Hadaki mtu. Kilo 60 zinazokuja kwa kilomita 28 kwa saa hazidakiki, na anayejaribu huishia kuumia pamoja na mpandaji. Kazi yake ni kuelekeza: mikono juu, viwiko vimekunjwa, vidole vimebanwa pamoja na dole gumba likiwa ndani ili lisivunjwe, macho kwenye kiuno cha mpandaji badala ya viganja vyake. Mpandaji akianguka, mwenzi humsukuma kiunoni au chini ya makwapa ili miguu itangulie kwenye godoro, na hulinda kichwa na shingo. Hayo huhitaji mtu anayetazama. Anayeshika simu kurekodi video hahesabiwi kuwa mwenzi wa chini, hata akiwa amesimama pale pale.

Mwamba nao unaweza kumwangusha mtu asiye na kosa. Joto la mchana na baridi ya usiku hufanya graniti ibanduke maganda mapana, na ganda lililoachana na mwamba husikika likigongwa kwa ngumi: hutoa sauti ya uwazi. Halishikwi, wala halivutwi nje. Baada ya mvua, mikanda myeusi inayoshuka juu ya majabali, mahali maji yanapopita, huteleza vibaya hata inapoonekana imekauka. Nyufa zenye kivuli hukaa nyuki, na Dodoma na Singida ni nchi ya nyuki. Mpandaji husikiliza kabla ya kutia mkono ndani, kwa sababu anayefukuzwa na nyuki haangalii anakotua. Nyoka nao hupenda nyufa hizo. Saa nzuri ni alfajiri na jioni, hasa Oktoba na Novemba, miezi ambayo jiwe la saa nane mchana humtoa mtu jasho la vidole na kumnyima mshiko.

Majeraha ya vidole ni sura nyingine, yasiyo na uhusiano na anguko lakini yanayowapata wanaopenda mno. Mikanda midogo inayoshikilia kano kwenye mfupa wa kidole hukatika kwa kuning'inia kwenye ukingo mwembamba bila kupasha mwili joto. Watoto wanaokua wana hatari zaidi, kwa kuwa sehemu za mifupa yao ya vidole zinazorefuka bado ni laini. Mazoezi ya kuning'inia kwa vidole vichache hayawafai.

Kuumia kukitokea, nusu saa ya kwanza ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kifundo kilichovimba hufungwa bandeji, huinuliwa na kupozwa kwa maji baridi. Hakichuliwi wala hakikandwi kwa maji ya moto siku hiyo, ingawa ndilo jambo la kwanza linalofanywa katika nyumba nyingi. Kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 husaidia kuamua: asiyeweza kutembea hatua nne, au anayesikia maumivu akibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, anahitaji picha ya eksirei. Aliyevunjika kisigino kwa kuanguka kutoka juu achunguzwe mgongo hata asipoulalamikia, kwa maana pigo lililovunja kisigino limepita pia kwenye pingili.

Mgongo ndio wa kuogopwa. Mkoani Kilimanjaro, ambako wagonjwa wa uti wa mgongo wanaofikishwa hospitali ya KCMC wamefanyiwa utafiti, kuanguka kutoka juu, hasa mitini, kumeongoza mbele ya ajali za barabarani. Hatari ya jabali ni ileile ya mti. Aliyeanguka akalalamikia shingo au mgongo, akahisi ganzi, au akashindwa kuchezesha vidole vya miguu, haketishwi, hasimamishwi na haulizwi kama anaweza kujikongoja. Haifai pia kumpakiza kwenye bodaboda kati ya watu wawili, ingawa hiyo ndiyo njia iliyo karibu kwenye vilima vya Dodoma. Safari hiyo huweza kukata uti ambao anguko liliuacha mzima. Mtu mmoja hukishika kichwa chake kisigeuke, mwingine hupiga 112 ya dharura au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na wengine hutafuta ubao mpana au mlango. Akilazimika kuhamishwa, watu wanne au watano humgeuza kwa pamoja kwa neno moja la anayeshika kichwa, mwili ukiwa mstari mmoja, ubao ukaingizwa chini yake, akafungwa, ndipo akabebwa hadi gari linapofika. Ni vema kundi la wapandaji likajua kabla ya siku hiyo ni njia gani gari linaweza kupita kufika chini ya kilima, na kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo eneo la chuo kikuu.

Mafunzo haya yote hayahitaji ukumbi wa gharama. Shule nyingi za Dodoma zina uwanja, na shimo la mchanga la kurukia miruko mirefu linatosha kufundishia kubingirika. Vipindi vya elimu ya michezo, vyuo vya ualimu na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Makutupora vingeweza kuliingiza somo la kuanguka pamoja na kukimbia na kuruka, nalo lingewafaa pia wapanda miembe na mibuyu, warina asali na mafundi wa ujenzi. Kuwapiga marufuku vijana wasipande vilima hakujawahi kuwazuia, na kunawafanya wapande jioni sana, kwa siri, bila mwenzi wa chini.

Aliyepona hurudi kwa hatua. Kifundo kilichoteguka hakihesabiwi kimepona kwa kukosa maumivu tu. Hujaribiwa kwa kusimama juu ya mguu huo mmoja macho yakiwa yamefumbwa, kisha kwa kurukaruka juu yake, na kulinganishwa na mguu wa pili. Miguu ikilingana, mpandaji huanza tena kwa majabali ya kimo cha kifua juu ya mchanga, akishuka kwa mikono badala ya kuruka, na hurudia mazoezi ya kubingirika tangu ile hatua ya kwanza ya kuchuchumaa.